Jinsi ya Kuiba Maumbo ya Ufipa na Kusifiwa Kama Msanii

Unataka picha zinazowafanya watu wakae kimya kidogo kabla ya kuuliza, "Hiki ni nini?" Unataka kuzipata bila kamera ya mamilioni, bila kwenda chuo na bila kudamka na majogoo. Na sifa zikija, unataka zije kwako. Vizuri, tumeelewana. Uko mahali pazuri kwa wizi wa namna hii, kwa kuwa huku Ufipa kazi ngumu ya kutengeneza maumbo imeshafanywa na wengine: wakulima, wafua chuma, wasusi, maji na upepo. Wewe umebakiziwa kusimama panapofaa na kubonyeza.

1. Iba muda kwanza

Saa ya Tanzania ni moja, lakini jua halifuati saa ya serikali. Sumbawanga, mji wetu wa Ufipa, iko magharibi zaidi kuliko Dar es Salaam, kwa hiyo jua linatufikia karibu nusu saa baadaye. Mwezi wa saba linachomoza kwenye saa moja asubuhi. Mpiga picha wa Dar anayetaka mwanga wa mapema ameshahangaika gizani. Wewe umekunywa chai, umevaa koti (utalihitaji, baridi ya mwezi huo haina huruma), umetoka mlangoni na bado umewahi. Usimwambie mtu.

Mwanga huo wa chini ndio unaokufanyia kazi. Ukija kutoka ubavuni, kila kitu chenye mgongo kinatupa kivuli, na kivuli ndicho kinachochora umbo. Bati la migongo, rundo la matofali, gome la mti, uso wa mzee: vyote vinainuka. Mchana kaa ndani wala usijilaumu. Katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari jua letu linapita utosini kabisa, tena karibu saa saba badala ya saa sita, na vivuli vyote vinakimbilia chini ya nyayo. Shamba zima la matuta linaonekana kama uwanja wa mpira. Kula, lala, rudi saa kumi na moja jioni.

2. Futa lenzi

Simu yako imetoka mfukoni, na pale mfukoni palikuwa na vumbi, jasho na labda mafuta ya maandazi. Chukua kitambaa safi cha pamba, futa taratibu. Wengi wamenunua simu mpya kwa kukosa kufanya hivi. Zima fleshi palepale.

3. Kalambo nenda, lakini usiporwe akili

Maporomoko ya Kalambo, mpakani na Zambia, yanaanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja, na kila anayefika hapo hupiga picha ileile: ukuta wa mwamba, uzi mweupe katikati, yeye mwenyewe mbele na miwani ya jua. Ipige na wewe ili roho itulie. Ukishaitazama na kujiona umependeza, geuka. Tazama mwamba ulivyogawanyika kwa matabaka, madoa ya ukoga pale maji yanapotia ukungu, korongo marabu wanaotaga kwenye kingo za genge lile. Kata kipande kimoja tu cha hayo, kijaze kioo chote, na uache anga nje ya picha. Anga linakula nafasi na halikulipi chochote.

Sasa nikupe siri iliyo bora kuliko maporomoko yenyewe. Kwenye bonde la mto huohuo, juu ya maporomoko, upande wa Zambia, watafiti walifukua magogo mawili yaliyolaliana, moja limechongwa pengo kwa makusudi ili yashikane. Udongo uliojaa maji ulikuwa umeyazuia yasioze. Walipotangaza matokeo katika jarida la Nature mwaka 2023, umri waliotaja ulikuwa angalau miaka 476,000. Binadamu wa aina yetu hakuwa ametokea bado, na tayari mtu fulani pale Kalambo alijua namna ya kulaza mti juu ya mti usiteleze.

Magogo hayo huwezi kuyafikia na simu yako. Pengo lake unaweza. Ingia jiko la nyasi la jirani, inua macho kwenye mapao. Nenda zizini, tazama lango, kisha kihenge cha fito kinachohifadhi mavuno. Tafuta mahali ambapo fundi alichonga mti ili mwenzake ulale, penye alama za shoka ambazo moshi umezipaka weusi. Sogea hadi pengo lijae kioo, shikilia kidole pale pale mpaka simu ifunge mwanga, kisha ushushe mwanga kidogo kwa kidole ili weusi ubaki weusi. Kama mwaka huu utapiga picha moja tu, naomba iwe hiyo. Watu watadhani umefika mbali sana, nawe hukuvuka hata uzio wa pili.

4. Sokoni, fanya umaarufu kwa bei ya hoho moja

Nenda soko kuu la Sumbawanga na pesa ndogo. Nunua pilipili hoho moja, lakini ichague kwa ubaya wake: iliyojikunja, yenye mabega mawili na kiuno. Muuzaji atakuonea huruma na huenda akakupunguzia. Nyumbani, tafuta faneli ya bati, ile ya kumiminia mafuta ya taa, iliyosafishwa. Ilaze kwa ubavu, tia hoho ndani, iweke karibu na dirisha. Bati litarudisha mwanga kutoka pande zote, na hoho itaanza kuonekana kama mtu aliyejikumbatia.

Hila hii si yangu. Mmarekani Edward Weston aliitumia mwaka 1930, na picha yake ya hoho namba 30 ni miongoni mwa picha zinazojulikana zaidi katika historia ya kamera. Hata namba yenyewe inakueleza alipiga picha ngapi za hoho kabla ya kuridhika, hivyo usikate tamaa kwenye ya tatu. Badili picha iwe nyeusi na nyeupe, maana rangi ya kijani inamkumbusha mtazamaji kachumbari. Ukimaliza, kaanga.

Usiondoke sokoni bado. Pale kuna visado vilivyojazwa maharage mpaka kilele, mafungu ya nyanya yaliyopangwa kwa hesabu kali kuliko ya benki, na lumbesa: gunia lililoshindiliwa hadi likaota kichwa juu ya mdomo wake, kichwa kikafungwa kwa kamba zilizosukwa. Umbo lake ni zuri sana na jambo lenyewe ni baya sana. Mkulima analipwa kwa gunia huku kilo zikivuka 100, na serikali imeshaikataza mara nyingi. Piga picha ukiwa umechuchumaa, kichwa kile kionekane kinavyozidi, na uweke gunia la kawaida kando yake. Hapo hutahitaji maelezo marefu.

Picha za watu uliza kwanza. "Shikamoo mama, naomba nipige maharage yako." Mara nyingi utaambiwa subiri ayapange vizuri. Subiri. Atayapanga kuliko ambavyo ungeyapanga wewe.

5. Panda mahali pa juu, hata kama ni kichuguu

Mashamba ya Ufipa yamechorwa kutoka juu. Desturi ya zamani ya kilimo huku ni matuta ya duara: majani yanalimwa na kufukiwa ndani ya udongo yaoze, na msimu unaofuata tuta linabomolewa, udongo wake ulioiva unasambazwa kwa ajili ya ulezi. Plau ya maksai imeyapunguza, lakini bado yapo, na yakipigwa na jua la jioni shamba lote linajaa miezi nusu, upande mmoja mweupe, mwingine mweusi. Ukiwa chini huoni kitu. Panda kilima, panda kichuguu, panda tela lililoegeshwa kama mwenyewe anakubali.

Ukishuka genge la Lyambalyamfipa kwenda Muze, utafika bonde la Ziwa Rukwa. Ziwa hili halina mto unaotoka, hivyo hutanuka na kunywea kulingana na mvua na jua, na likirudi nyuma linaacha matope yanayokauka na kupasuka vipande vipande. Tope linapopoteza maji linasinyaa, linavutana, linachanika. Tope jembamba hutoa vigae vidogo, tope nene hutoa vigae vikubwa, kwa hiyo picha yako inaonyesha pia unene wa kile kilichobaki. Hapa kuna sharti moja: piga kabla hujakanyaga. Shika simu ikiwa bapa kabisa, sambamba na ardhi, rudi hatua moja, kisha kata kingo baadaye.

6. Malungu

Nimeliweka hili baada ya mengine ili mkono wako uwe umezoea. Katika mashamba na vichaka vya Ufipa bado yanasimama matanuri ya udongo ya kuyeyushia chuma. Wafipa huyaita malungu. Marefu yanafika kama mita tatu, yamenyooka na kupungua juu, na chini yamezungukwa na matundu. Matundu hayo ndiyo akili ya chombo chote: tanuri lilijivutia hewa lenyewe kwa urefu wake, bila mtu kupuliza mvukuto. Lilijazwa mkaa na mawe ya chuma, likawaka siku kadhaa. Kilichotoka kilipelekwa kwenye tanuri dogo liitwalo kintengwe, na huko ndiko mivukuto ilipofanya kazi ya kukisafisha kabla hakijawa jembe. Padri Wyckaert wa Wamisionari wa Afrika aliandika habari za mafundi hawa katika jarida la Anthropos mwaka 1914. Baadaye chuma cha madukani kikaja kwa bei ndogo, moto ukazimwa.

Njia ya mkato ni kwenda baada ya nyasi kuungua, mwezi wa nane au wa tisa, kwa sababu kabla ya hapo unaweza kupita hatua kumi kutoka kwenye tanuri usilione. Muulize mzee wa kijiji, nenda naye, mwache atangulie. Zunguka mara moja bila kupiga kitu. Tafuta upande ambao jua linakwangua ukuta, si ule linaoupiga usoni, na utaona alama za vidole na viganja vya waliosiriba udongo. Hizo ndizo picha. Ile ya tanuri zima piga pia, pamoja na jembe lililosimamishwa kando ili urefu ujulikane.

Na hapa hila zote zikome. Usipande juu yake. Usiokote mavi ya chuma yaliyotapakaa chini kwenda kupamba kabati lako. Watafiti husoma kutoka humo joto la moto na aina ya mawe yaliyotumika, na yakihamishwa yanakuwa mawe tu. Usikate mti unaoegemea ukuta ili picha iwe safi, maana huenda mti huo ndio unaoushikilia ukuta usianguke. Mvua za Novemba hadi Aprili zinakula udongo kila mwaka, ng'ombe wanajikuna, plau inasogea. Picha yako ya leo, hata ikiwa imepinda, inaweza kuwa ushahidi pekee wa ukuta fulani. Hili ninalisema kwa uzito wote.

7. Udanganyifu ulioruhusiwa

Kwa majani, mbegu, masuke na maganda, danganya upendavyo. Karl Blossfeldt, mwalimu wa sanaa mjini Berlin, alitumia kamera za kujitengenezea, akapunguza matawi, akanyoosha majani, akaweka karatasi nyuma. Kitabu chake kilipotoka mwaka 1928 alikuwa amevuka miaka 60, na watu walidhani wanaangalia nguzo na malango ya chuma. Walikuwa wanaangalia magugu.

Wewe chukua suke la ulezi lililokunja vidole, alizeti iliyokauka, ganda la mbaazi. Weka kanga nyeusi nyuma. Weka karatasi nyeupe upande wa kivuli ili irudishe mwanga. Simu ikikataa kuona karibu, shika mbele ya lenzi kioo cha miwani ya babu ya kusomea, itakubali. Siku ya mawingu ya masika ndiyo nzuri kwa majani mabichi na mawe yaliyolowa, kwa kuwa hakuna kivuli kikali cha kupigana nacho.

8. Kula sifa kwa adabu

Ukipata picha kumi, futa nane. Anayeonyesha mbili anaitwa msanii. Anayeonyesha kumi anaitwa mtu mwenye simu. Chini yake andika kijiji, mwezi, na jina la aliyetengeneza kitu hicho kama yeye mwenyewe amekubali litajwe. Usiandike neno "mandhari".

Halafu safisha nakala za karatasi mjini, moja yako na moja ya mwenye kihenge, mwenye jiko, mwenye maharage. Nyuma andika tarehe kwa kalamu ya risasi, wino unapenya. Mpelekee mwenyewe, usimtume mtoto. Akiuliza bei, mwambie ni yake. Kisha muulize anavuna lini, kwa sababu kihenge kilichojaa hupanuka fito zake na kusimama tofauti kabisa na kitupu, na hiyo hujaipata bado.