Dola 65 za Kutu

Huku Lancaster, Pennsylvania, kuanzia mwezi wa pili vikosi vya zimamoto vya vijijini huanza minada yao. Ni vikosi vya watu wa kujitolea, na mnada ndio harambee yao ya mwaka. Waamishi, Wakristo wanaoishi kizamani, wanaleta mablanketi ya viraka, vigari vya farasi, samani, na chuma chakavu cha kila ukoo. Theluji ndiyo kwanza inayeyuka, uwanja mzima ni tope, kwa hiyo wenyewe wanaiita minada ya matope. Ukitoka huko na kiatu kimoja, shukuru. Mimi hutoka na viatu vyote viwili na mashine ya kupandia mbegu.

Nazungumzia mashine za kusukuma kwa mkono, za enzi za babu zao, na hasa zile za chapa ya Planet Jr. Mbele kuna gurudumu la chuma, juu yake debe la mbegu, chini ulimi unaochora mfereji. Nyuma kuna vipande vya kufukia, na mwisho kabisa kigurudumu cha kushindilia udongo. Unashika mishikio miwili ya mbao, unasukuma, na gurudumu likizunguka mbegu zinadondoka. Karibu na mishikio kuna kibao chenye majina ya mbegu: karoti, kitunguu, njegere. Unachagua jina, tundu la debe linafunguka kwa kadiri yake. Mtu aliyebuni kitu hicho alikuwa anamjua mkulima asiyependa kufikiri asubuhi.

Mke wangu ni mtoto wa Tanga mjini, jembe amelionea kwenye nembo ya taifa, lakini ndiye mwenye maneno mengi. "Watu wanakimbia jembe, wewe unalifuata mnadani na kupandisha dau." Kusema kweli nilisoma kwa bidii ili nisilishike tena. Kwetu Karatu mahindi tuliyapanda kwa kamba yenye mafundo: Mama anachimba, mimi nadondosha punje mbili, nafukia kwa kisigino, nasogea. Kamba haikuwa na mwisho. Lakini mtu aliyefanya kazi ile ndiye anayeweza kuona uzuri wa mashine iliyokuja kuifuta. Watu wa Tanga mjini wataona nini?

Chuma cha mnadani hakija kikiwa kisafi. Kutu ya miaka mingi haiondoki kwa msasa, na ukigonga kwa nyundo chuma cha kusubu kinapasuka, halafu fundi wa kuchomelea anakuangalia kwa huruma na kutaja bei isiyo na huruma. Dawa yake ni maji, magadi ya kufulia na chaja ya betri ya gari. Unazamisha kifaa kwenye chombo cha plastiki, unakifunga upande wa hasi, upande wa chanya unafunga kipande cha chuma cha kutupa, visigusane. Maji yanatoa mapovu, kutu inalegea. Kazi hii hufanyika nje, kwa sababu mapovu yale yana hidrojeni, nayo haitaki mchezo na cheche.

Chombo cha plastiki kilichokuwepo kilikuwa beseni la mke wangu.

Alilikuta uani linachemka bila moto, maji rangi ya ugoro, nyaya zimeingia kila upande. "Baba watoto, umeanza uganga?" Nikaona huo ndio wasaa wa kumpa historia. Nikamweleza kwamba Samuel Leeds Allen, mkulima wa New Jersey aliyeanzisha kampuni ya mashine hizi kule Philadelphia, mashine yake ya kwanza ya kumwaga mbolea aliiunda kwa mabeseni mawili yaliyofunikizwa mdomo kwa mdomo. Lile duara na mkanda wake lilifanana na sayari ya Zohali na pete zake, na jina la Planet likaanzia hapo. Mtu mkubwa, nikasema. Ndiye pia aliyesajili mwaka 1889 ile sleji maarufu ya kutelezea thelujini, Flexible Flyer, maana wakati wa baridi hakuna mkulima anayenunua mashine ya kupandia, na wafanyakazi lazima wale. Yote hayo, asili yake beseni!

Mke wangu alisikiliza mpaka mwisho. "Na mkewe alifulia nini?"

Historia haijanisaidia hapo.

Mishikio nayo ilitaka mafuta ya kitani. Matambara ya mafuta hayo ukiyakunjakunja na kuyatupa pembeni yanajipasha moto yenyewe mpaka yanawaka, kwa hiyo ni lazima uyatandaze yakauke. Nikayatandaza kwenye kamba ya nguo, kwa usalama wa familia. Kilichozipata kanga zilizokuwa kwenye kamba ileile tulishakizungumza na wazee wamekimaliza.

Mwezi wa tano, baridi kali ikiwa imepita, nikajaza mbegu za mchicha gerejini na kusukuma mashine kuelekea bustani ya nyuma. Ili kufika huko unapita kwenye nyasi za mbele, na kwa kuwa njia yetu ni nyembamba, unakanyaga kidogo nyasi za jirani. Kumbe kutu ilikuwa imekula ukingo wa tundu la debe, halifungi sawasawa, na mbegu ya mchicha ni ndogo kama chembe ya mchanga. Mashine haiulizi kama hapa ni shamba au ni mapambo ya mtaa. Gurudumu lilizunguka, basi ikachora, ikadondosha, ikafukia na kushindilia. Haikupita wiki mbili, mchicha ukatokeza kutoka mlango wa gereji mpaka kona ya nyumba, mstari umenyooka. Mchicha ambao huku wengi wanauita gugu.

Jirani, mzee wa heshima zake, alisimama akiuangalia, mikono kiunoni. "Umeona? Siku hizi magugu yanaota kwa foleni."

"Dunia imebadilika," nikamjibu.

Jioni nikampigia Mama kwa video nimwonyeshe. Aliusifu mstari, akauliza bei ya mashine. Nikataja dola 65. Akaomba tafsiri kwa shilingi, akanyamaza, kisha akaniambia idadi ya vibarua wa palizi ambao hela hiyo ingewalipa, na chai juu. Nikamtolea kifaa changu cha pili cha kupandia, kile cha kuchoma ardhini na kufumbua mdomo kwa mikono miwili. Hakushtuka hata kidogo.

"Hicho tulikiona shamba darasa, bwana shamba alisema kimetoka Brazili. Udongo ukilowa kinaziba mdomo. Chako kinadondosha punje ngapi?"

"Mbili, Mama. Mara nyingine sita."

"Afadhali. Wewe ulikuwa unamwaga kopo zima kwenye shimo la mwisho ili ukacheze mpira, ukidhani sijui. Mahindi yakaota kona ile kama nywele. Nani ungemsingizia, panya?"

Nyuma yangu mke wangu alikuwa amekaa chini kabisa, anacheka, anaomba simu.