Matembe ya Singida na Sare za Sendoff

Mama mkwe alishuka stendi ya Msamvu na tenga la kuku, matembe matano na jogoo mmoja, zawadi kwa nyumba yetu. Alitoka Singida, mkoa unaosifika kwa kuku wa kienyeji, na mtu wa kule haji ugenini mikono mitupu. Mwenyewe alikuja kusimamia maandalizi ya sendoff ya binti yake wa mwisho, mdogo wake baba watoto, iliyopangwa kufanyikia kwetu Morogoro.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na hawa walifungwa mpaka wakalizoea banda. Baba watoto alilijenga kwa moyo. Alimwaga maranda chini, akafunga fito za kulalia, na viota vya mbao akavipanga mstari mmoja vikitazama mashariki, kila kimoja na nyasi zake kavu.

Wa kwanza kuonyesha dalili alikuwa yule wa madoadoa, ambaye watoto walimwita Madoa. Upanga wake uliokuwa umepauka ukawa mwekundu wa kuiva. Ukimnyooshea mkono hakimbii. Anachuchumaa na kutandaza mabawa kidogo. "Huyu yuko karibu, mwanangu," mama akaniambia. Kuku wa kienyeji mara nyingi huanza kutaga akiwa na miezi sita au saba, na akihamishwa anaweza kuchelewa zaidi. Tukaongeza dagaa kwenye pumba na mashudu ya alizeti, pamoja na chokaa ya mifugo. Ganda la yai karibu lote ni chokaa, na kati ya saa 24 hadi 26 ambazo yai hutengenezwa tumboni, saa 20 hivi ni za kujenga hilo ganda tu. Kiumbe mwenye kazi hiyo hastahili kushindia pumba.

Asubuhi moja Madoa akatetea. Alitetea kwa sauti ya kuita mtaa mzima, na jogoo akamuitikia. Watoto wakakimbilia bandani. Viota vitupu, nyasi hazijaguswa.

Ikawa hivyo karibu kila siku: kelele tunazisikia, yai hatulioni. Pale mferejini nyuma ya nyumba kuna kenge, na kenge anapenda mayai kuliko chochote. Baba watoto akaziba matundu ya uzio kwa mabati, usiku akatoka na tochi. Watoto walipekua migomba, magunia ya mkaa, hata pipa la maji. Hakuna kitu. Nyumba ikaingiwa na huzuni ya kweli, maana ukishasubiri yai la kwanza namna ile unalihesabu ni la kwako.

Mama ndiye aliyelimaliza fumbo hilo. Alfajiri alimshika Madoa kabla banda halijafunguliwa, akampapasa kwa kidole, akasema, "Yai lipo. Leo atatuonyesha." Wengine wakabaki ndani, yeye akaachiwa peke yake. Mama akakaa mkekani na ungo wa mchele, akachambua kana kwamba hakuna kuku duniani, na sisi sote akatukataza kumkodolea macho.

Madoa akadonoa mchanga. Akasimama, akageuza kichwa, akatupima kwa jicho moja. Akapita nyuma ya tangi, akaingia mlango wa jikoni, akakata ukumbi, akaenda moja kwa moja chumba cha mama mkwe mwenyewe, chini ya kitanda, ndani ya boksi la sare.

Zilikuwa vitenge vya akina shangazi, vimekunjwa vizuri, na mchana ule ule kamati ilikuwa inakuja kuvichukua. Katikati Madoa alishafukua shimo. Mayai yalilala humo, madogo, moja lina mchirizi mwembamba wa damu, jambo la kawaida kwa tembe anayeanza. Moja lilitoka bila ganda, utando mtupu, likapasuka, na kiini kikalowanisha vitambaa vya juu.

Hatukumfukuza. Tulichutama mlangoni tukamwona akiinuka nusu, akikaza mwili, yai likadondoka likiwa na majimaji ambayo yalikauka palepale machoni petu. Niliposhika lilikuwa na joto la kuniunguza roho kwa furaha.

Vitambaa tulivifua kwa maji baridi, kwa kuwa maji ya moto yangeivisha yai ndani ya nyuzi. Shangazi mkubwa alipofika akakuta vitenge kambani, akasikiliza habari yote, akaenda kuchagua kile kilicholowa zaidi. "Hiki ni changu," akasema. "Kimebarikiwa tayari."

Kwa maoni yangu Madoa alikuwa na haki. Viota vyetu vilikuwa vinapigwa na jua la asubuhi, na mtetea anayetaka kutaga hutafuta giza na utulivu, mahali ambapo hakuna anayemwona. Baba watoto akavigeuza vitazame ukutani, akaning'iniza magunia mbele. Boksi lenyewe, bila sare, likapelekwa bandani, na mama akaacha yai moja humo kwa sababu kuku hupenda kutaga pale anapoona yai. Ndani ya muda mfupi mitetea wengine nao wakaanza, wakisukumana kuingia boksi lile lile huku viota vya mbao vikibaki wazi.

Sendoff ikapita salama. Madoa hakuisikia, alishaanza kuatamia mayai yake 12, manyoya yamemsimama, anamng'ata kila anayesogea isipokuwa mama. Baba watoto alipouliza akate tiketi ya Singida ya lini, mama alimtazama kwa mshangao. Siku 21 zilikuwa hazijatimia.