Mwokozi Kafika, Washeni Kamera

Vipindi vya mastaa waokoa wanyama? Tabora tumevizoea tangu 1872. Mwandishi Stanley alitumwa na gazeti la New York Herald kumtafuta mmisionari Livingstone, akamwibukia Ujiji. Walipoagana huku kwetu mwezi Machi, mwokolewa alikataa kurudi kwao. Mwokozi akarudi, akapata kitabu na umaarufu. Wapagazi waliobeba kila kitu, hata bafu lake, wakabaki pembeni ya picha.

Siku hizi anayeokolewa ni chatu, na anayehema ni staa. Huku nyuma, kila kiangazi, mto Ugalla hukatika vidimbwi. Viboko na mamba hubanana humo kama abiria wa daladala. Eneo hilo ni Hifadhi ya Taifa tangu 2019. Lakini nani ampige picha kiboko? Hajui hata kulia akitazama kamera.