Uwanja wa Barazani

Hapana budi tuwastahi mashabiki wa Yanga, klabu iliyoasisiwa mwaka 1935, ambao kwa subira ya mvuvi angojaye maji kujaa wameujenga uwanja wao barazani mara zisizo na idadi: asubuhi Kigamboni, ng'ambo ya maji, na baada ya magharibi, kahawa ikikaribia kwisha, Jangwani, ambako Mto Msimbazi, jirani mkarimu, huja mwenyewe wakati wa masika kuzinywesha nyasi. Wayaitao mafuriko dosari hawana insafu. Ni wapi tena mchezaji atatawadha papo hapo alipo? Mimi ningeongeza jukwaa la mitumbwi. Habari ya fedha haikuzusha hitilafu yoyote, kwani hakuna aliyeitaja. Hitilafu kubwa iliyosalia ni nani atakayeketi upande wa kivuli.