Tarishi Asiyeuliza Swali

Maktaba ya msimbo ni kifurushi cha programu ambacho wengine wamekwisha kukiandika na kukijaribu, ili anayekuja nyuma yao asianze moja. Katika kuunganisha programu na huduma za mtandaoni, faida yake huonekana upesi. Asiye na maktaba hufungua mawasiliano na seva mwenyewe, hupanga vichwa vya ombi, hushughulikia usimbaji na kulipokea jibu vipande vipande. Mwenye maktaba huandika mstari mmoja. Kwa watumiaji wa Python, maktaba maarufu ya kazi hii ni Requests, iliyoanzishwa na Kenneth Reitz mwaka 2011 kwa kaulimbiu kwamba hii ndiyo HTTP kwa ajili ya binadamu. Kaulimbiu ni ya kweli, ila binadamu nao wana vituko vyao.

Kituko cha kwanza hutokea kabla ombi halijatoka. Mwanafunzi husakinisha maktaba, hufungua faili la mazoezi na, kwa kuwa anajifunza Requests, hulipa jina requests.py. Python ikiambiwa ilete requests, hutazama kwanza folda lilimo faili hilo, hulikuta faili la mwanafunzi na kulileta kwa heshima zote. Faili hujiita lenyewe, kisha hulalamika kwamba requests haina kitu kiitwacho get. Mwanafunzi huifuta maktaba, huisakinisha upya, huzima kompyuta na kuiwasha, na huanza kuulizia bei ya kompyuta nyingine. Dawa ni kubadili jina la faili.

Ombi likishatoka, maktaba hufanya kazi ya tarishi: hupeleka barua, hungoja jibu, hurudi nalo. Tarishi huyu ni mtiifu kupita kiasi. Asipoambiwa angoje hadi lini, hungoja tu, kwa maana Requests haina kikomo cha kusubiri mpaka mwanaprogramu aweke timeout mwenyewe. Seva ikilipokea ombi kisha ikanyamaza, programu nayo hunyamaza. Haifi wala haisemi. Kwenye kioo kishale kinapepesa tu. Mwenye programu hudhani inachapa kazi nzito, huenda kula, hurudi akamtuliza mteja kwamba data ni nyingi. Angeandika timeout=10, sekunde 10 za ukimya wa seva zingetosha kumpa taarifa kwamba hakuna kazi yoyote inayofanyika.

Jibu likirudi, huja na namba ya hali: 200 ni salama, 404 ni kwamba kilichoombwa hakipo, 429 ni kwamba muombaji amezidisha maombi, 500 ni kwamba seva yenyewe imeteleza. Ipo hata 418, iliyozaliwa kwa mzaha tarehe 1 Aprili 1998, pale Larry Masinter alipoandika kanuni za kuendesha vyombo vya kahawa kwa mtandao: buli la chai likiagizwa lipike kahawa, lijibu kwamba lenyewe ni buli. Requests inaitambua namba hiyo kwa jina teapot. Pamoja na elimu yote hiyo, tarishi akirudi na 404 hapigi kelele. Anakabidhi bahasha na kusimama kando. Ni juu ya mwanaprogramu kuita raise_for_status, la sivyo ripoti ya mauzo hujazwa kwa unadhifu mkubwa maneno ya seva ya kuomba radhi.

Hata 200 si ya kuaminiwa kichwa kichwa. Kwenye anwani ya http isiyolindwa, bando likiisha, mtandao unaweza kujibu kwa ukurasa wa kuuza bando, tena kwa namba 200. Programu iliyotegemea data ya bei za mahindi katika muundo wa JSON huanza kusoma tangazo la vifurushi vya wiki, na hukwama kwenye herufi ya kwanza.

Balaa lenye mashahidi wengi ni la kurudia ombi. Kijana wa kamati ya harusi huandika programu ya kuwakumbusha ndugu ahadi zao za mchango kupitia huduma ya ujumbe mfupi. Anaweka timeout, kama alivyofundishwa, na anaongeza amri kwamba muda ukipita, ombi litumwe tena. Usiku huo huduma inatuma ujumbe vizuri, ila inachelewa kusema kwamba imetuma. Simu ya baba mkubwa inalia: “Shikamoo baba mkubwa, unakumbushwa kukamilisha ahadi yako.” Inalia tena, na tena. Shikamoo ya tano ndiyo inayojibiwa: “Marahaba. Nilikusikia tangu ya kwanza.” Kuchelewa kwa jibu si ushahidi kwamba kazi haikufanyika. Ombi la kutuma ujumbe au fedha hupewa namba yake ya kipekee, ili huduma inayozitambua namba hizo ikiiona mara ya pili isirudie kazi. Na kila jaribio hungoja muda mrefu kuliko lililotangulia.

Baada ya yote hayo hubaki utunzaji. Maktaba hutegemea maktaba nyingine, na hizo hutegemea nyingine tena. Machi 2016, mtunzi mmoja wa JavaScript aliyegombana na wasimamizi wa npm, ghala la vifurushi vya JavaScript, juu ya jina la kifurushi aliondoa kazi zake zote, ikiwamo left-pad, yenye mistari 11 ya kuongeza nafasi upande wa kushoto wa maneno. Miradi mingi mikubwa ilishindwa kujengwa mpaka mistari hiyo iliporudishwa. Kwa hiyo mradi huorodhesha maktaba zake pamoja na namba za matoleo, na toleo jipya hujaribiwa kwanza pembeni, ikiwezekana si siku ya Ijumaa jioni.