Aibu ya Freti ya Nane

Wimbo wa A maina humuumbua mpiga gitaa la solo mahali pamoja: kwenye E7. Bendi imepita Am, imepita Dm, naye amejikita freti ya tano na pentatoniki yake ya A, C, D, E na G, macho kayafumba, kichwa kinatikisika. Mara kodi inageuka E7, na yeye, uzi wa pili, freti ya nane, anaipiga G kwa madaha na kuiacha ilie. Mpiga kinanda anainua uso. Mpiga besi anatazama viatu vyake. Wachezaji ukumbini hawajui kimetokea nini, ila wamekunja nyuso kama walioonja maziwa yaliyochacha.

Kisa ni kwamba E7 imeundwa na E, G shapu, B na D. G ya solo na G shapu ya kinanda zimepishana nusu toni tu, na noti zilizobanana hivyo zikilia pamoja husuguana. Skeli ya maina ya asili (A, B, C, D, E, F, G) haina G shapu kabisa. Kodi ya tano inayozaliwa humo ni E maina, kodi pole isiyo na haraka ya kurudi kwenye A. Waimbaji wa Ulaya walilijua hilo karne nyingi kabla ya gitaa la umeme: walipokaribia kituo, waliipandisha noti ya saba hadi ikabaki nusu toni chini ya ile ya nyumbani, na hapo ikawa haitulii mpaka ifike. Ndiyo haramoniki maina: noti zile zile, G peke yake imepanda.

Kupanda huko kunaacha pengo la toni moja na nusu kati ya F na G shapu, na utamu wote umelala humo. Skeli hiyo ikianzia E, yaani E, F, G shapu, A, mpiga udi wa taarabu ya Unguja ataisikia Hijazi, maqamu (skeli) ya Kiarabu, papo hapo, ingawa maqamu huziweka noti za kati mahali ambapo freti za gitaa hazifiki. Ajabu ya mambo ni kwamba kijana aliyekulia na taarabu dirishani ana dawa ya E7 masikioni, kisha analipa ada afundishwe kwamba pentatoniki moja inakubali kila mahali. Mwalimu haulizwi kitu. Jimi Hendrix alipozichanganya G na G shapu ndani ya kodi moja katika "Purple Haze" (1967) aliitwa mbunifu. Mpiga solo wa harusini akizichanganya, anakatwa posho.

Na kumbe kidole kilitakiwa kusogea freti moja tu, kutoka ya nane hadi ya tisa, kisha kirudi E7 ikiisha.

Skeli dada yake, melodiki maina, huipandisha na F pia, pengo likazibika.

Lakini si kila wimbo wa A maina una E7. Am7 ikifuatwa na D7, kama katika "Oye Como Va" ya Tito Puente aliyoirekodi Santana mwaka 1970, inayofaa ni skeli ya Doria: F shapu, lakini G ya kawaida.

Am, G na F zikizunguka bila E7, maina ya asili inatosha, na G ya freti ya nane ni halali.