Kobe wa Kasomeno na Baridi ya Mwezi wa Sita

Kama una shemeji msafiri, unajua kwamba harudi mikono mitupu. Wenzetu huletewa samaki wakavu wa mto Luapula. Sisi, shemeji yangu Injiniya (tunamwita hivyo kwa sababu hakuna kifaa nyumbani ambacho hajakifungua) alitushushia kobe. Alimwokota karibu na Kasomeno, pale njia panda ambapo barabara ya kutoka Lubumbashi inagawanyika, moja kwenda Kasenga na nyingine Pweto. Gari lilikuwa limemgusa, na gamba lilikuwa na ufa ubavuni.

Watoto wakamwita Fulwe. Ni wa jamii ya kobe wa Speke, wale wenye bawaba mgongoni. Ukimkaribia, sehemu ya nyuma ya gamba inashuka polepole, inakutana na ya chini, na miguu ya nyuma inapotea kabisa. Mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Gavana, alipoliona jambo hilo akavuta kiti karibu: "Ule iko na mulango yake mwenyewe!" Tangu hapo hakubanduka.

Daktari wa mifugo aliusafisha ufa, akauziba, akatoa agizo: apate joto, na joto hilo lisiyumbe. Mchana upande mmoja wa sanduku lake ufike nyuzi 28 hadi 30, upande wa pili ubaki kwenye 24, achague mwenyewe pa kukaa. Usiku lisishuke chini ya 20. Kobe hutegemea joto la nje. Akipoa, kidonda kinachelewa kupona, na majani aliyokula yanakaa tumboni bila kusagika mpaka yanaoza. Porini, kiangazi kama hiki angekuwa amejificha shimoni akingoja mvua, lakini daktari hakutaka mgonjwa alale na kidonda.

Wewe uliyeko Mombasa au Dar es Salaam huenda unashangaa baridi inatoka wapi. Mji wetu, Lubumbashi, uko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai nyuzi zinaweza kushuka chini ya 10. Mke wangu, Waziri wa Fedha, msimu huo hulala na soksi zake, sweta langu na blanketi letu lote. Nimekwisha kuzoea.

Basi kila mtu akaleta joto lake. Injiniya akatundika balbu kubwa juu ya sanduku. Binti yetu mkubwa, Daktari Mdogo, akachukua kipimajoto cha homa, kikagoma, maana hicho huanzia nyuzi 35. Tulipopata cha ukutani tukakiweka chini, usawa wa mgongo wa kobe, tukaona ajabu: kwenye balbu nyuzi 38, kwenye kona baridi tupu, na Fulwe anakwaruza mbao akitafuta pa kutokea. Balbu ikapandishwa juu, nyuzi zikatulia, tukashukuru Mungu.

Saa mbili usiku mtaa mzima ukapiga kelele: "Imeenda!" Umeme, ndugu yangu. Unaujua wimbo huo. Kufika alfajiri kobe alikuwa baridi, macho yamefumbwa, na kitinda mimba wetu, Domo, analia mpaka majirani wanauliza nani kafariki.

Gavana hakuhitaji kikao. Kesho yake jioni tukamkuta amefunga dirisha, ameingiza mbabula, yaani jiko la makaa, lenye makaa mekundu chumbani, na ameketi kando ya sanduku na mjukuu mapajani. Hapo Waziri wa Fedha alisahau heshima zote za binti kwa mama. Makaa yakiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, na gesi hiyo huua watu usingizini. Mbabula likatoka mbio, dirisha likafunguliwa, na Gavana akanuna mpaka bukari (ugali wetu) ya usiku. "Mukwe wangu, munataka nyama akufe baridi?" Nikamwambia: "Hapana, Mama. Nataka sote tuamke."

Dawa ilitoka kwa fundi seremala wa jirani. Alitupa sanduku kubwa, tukaweka la Fulwe ndani yake, na nafasi katikati tukaijaza maranda makavu, yaliyobanwa vizuri. Joto linaloingia sasa halikimbii ovyo. Kisha matofali. Yetu ni ya udongo wa vichuguu, vile virefu vinavyozunguka mji huu, na yamechomwa sawasawa. Asubuhi watoto wanayaanika juani, jioni wanayapanga upande wa joto, kobe akilala karibu nayo. Umeme ukikatika, tunachukua bidoni la maji ya moto, tunalifunga kitenge, tunaliweka upande huohuo. Upande wa pili haufunikwi, hata Gavana akiomba.

Sasa nyuzi zinapanda taratibu na kushuka taratibu, na Fulwe anakula uyoga na konokono kwa bidii. Joto la haraka lilitusumbua kuliko baridi yenyewe. Mnyama huyu anataka kitu kinachoshika joto na kuliachia polepole, na nafasi ya kusogea likimzidi. Nyumba yenye udongo, jua na maranda inaweza kumpa hayo hata kukiwa na giza.

Sebule, hata hivyo, imekwenda. Televisheni imehamia jikoni, kiti changu kimebeba matofali, na Gavana ndiye mwenye kipimajoto: anatusomea nyuzi kabla ya sala ya jioni, na hakuna anayesema amina mpaka amalize. Mvua zikianza, na daktari akiridhika na ufa, Fulwe atarudishwa palepale alipookotwa, maana huko ndiko kwao. Gavana ameshatangaza kwamba safari hiyo ataketi mbele. Domo na sanduku watakaa nyuma, na mimi nitawashikilia wote wawili.